Ufa wa Kioo cha Gari: Lini Udai Bima, Lini Ulipe Mwenyewe

Na Mwandishi Wetu

Dereva anayetoka Dodoma kwenda Dar es Salaam husafiri sehemu kubwa ya njia akiwa nyuma ya lori. Mahali fulani kati ya Gairo na Dumila, au pengine Morogoro ikiwa imeshapitwa, husikika mlio mmoja mkali kama wa jiwe la manati. Gari haliyumbi wala abiria haumii. Kwenye kioo cha mbele kimebaki kidoa cheupe chenye ukubwa wa punje ya hindi, na safari inaendelea. Siku tatu baadaye, gari likiwa limeanikwa juani mchana kutwa, mwenye gari anaingia, anawasha kiyoyozi kwa nguvu zote, na mbele ya macho yake kidoa kile kinachanua ufa unaotambaa kutoka upande wa abiria hadi katikati ya kioo.

Hapo ndipo swali la bima huanza, na kwa watu wengi huanza kwa kuchelewa. Wapo wanaokaa kimya kwa hofu kwamba wakidai fidia ya kioo, ada yao ya bima itapanda mwaka unaofuata, hivyo huendesha gari lenye ufa kwa miezi. Wapo pia wanaokimbilia kujaza fomu ya madai kwa uharibifu ambao fundi angeuziba kwa fedha kidogo, na mwisho wa mwaka hushangaa kuona punguzo walilolijenga kwa muda mrefu limeyeyuka. Makundi haya mawili hutofautiana kwa tabia, lakini yote mawili hayajaisoma hati ya bima waliyoilipia.

Kwanza, kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha gari hakifanani na vioo vya milangoni. Vya milangoni kwa kawaida huimarishwa kwa joto, navyo vikivunjika husambaratika kuwa chembe ndogo zisizo na ncha kali. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, katikati yake ukiwamo utando wa plastiki unaong'ang'ania vipande hata kioo kikipasuka. Asili ya wazo hilo ni tukio la mwaka 1903, pale mkemia wa Kifaransa Édouard Bénédictus alipoona chupa ya maabara ikianguka na kupasuka bila kutawanyika, kwa kuwa dawa iliyokauka ndani yake ilikuwa imeacha utando ukutani mwa chupa. Alisajili ugunduzi wake mwaka 1909. Utando unaotumika leo ni wa aina nyingine, lakini kazi yake ni ileile.

Muundo huo ndio unaowezesha kioo kutengenezwa badala ya kubadilishwa. Kokoto inaporuka, mara nyingi huumiza tabaka la nje peke yake. Fundi hukausha na kusafisha mahali palipopigwa, hutoa hewa iliyonaswa ndani ya mpasuko kwa kifaa cha kunyonya, kisha husukumia ndani gundi maalumu ya majimaji ambayo hukauka kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa kuwa jua nalo lina mwanga huo, fundi anayeijua kazi yake huifanya kivulini. Ukimwona akiifanya katika jua kali la saa saba mchana, gundi huenda ikaganda kabla haijafika mwisho wa mpasuko. Kazi yote kwa kawaida haizidi saa moja. Alama ndogo huweza kubaki, lakini nguvu ya kioo hurejea kwa kiasi kikubwa na ufa huzuiwa kuendelea.

Si kila jeraha la kioo hutibika. Kidoa kilicho pembezoni, karibu na fremu, hugeuka ufa upesi kwa sababu huko ndiko mkazo wa kioo ulipo. Ufa mrefu, au uliokwisha kupita hadi tabaka la ndani, kwa kawaida hudai kioo kipya. Vilevile, uharibifu ulio mbele ya macho ya dereva hupimwa kwa ukali zaidi, maana hata uliozibwa vizuri huweza kutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja usiku. Nchini Uingereza, katika ukaguzi wa lazima wa magari, uharibifu unaozidi milimita 10 ndani ya ukanda ulio mbele ya dereva hulifanya gari lishindwe ukaguzi, ilhali katika sehemu nyingine inayofutwa na waipa kikomo ni milimita 40. Vipimo hivyo si sheria kwetu, lakini humsaidia mtu kupata picha: mbele ya dereva, kidoa kinachozidi upana wa kidole kidogo tayari ni tatizo.

Nyongeza moja kwa wale wenye mazoea ya kujitibia. Gundi ya kawaida ya dukani, au rangi ya kucha, huziba mlango wa mpasuko huku hewa na vumbi vikibaki ndani. Fundi akija baadaye, gundi sahihi haina pa kupitia, na kioo kilichokuwa kinaponyeka huwa cha kubadilishwa. Kipande safi cha selotepu juu ya kidoa, kuzuia vumbi na maji hadi ufike kwa fundi, chatosha.

Sasa tuingie kwenye bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila anayeendesha gari barabarani awe na bima ya kumlinda mtu mwingine anayeweza kudhurika kwa gari hilo. Hiyo ndiyo wananchi wanayoiita bima ndogo. Bima hiyo haina habari na kioo chako. Mwenye bima ndogo aliyepigwa kokoto hulipa mwenyewe, isipokuwa kama anaweza kuthibitisha kuwa mtu mwingine alizembea na bima ya mtu huyo ikakubali kuwajibika. Kwa kokoto iliyorushwa na gurudumu, uthibitisho huo ni mgumu: jiwe lilikuwa barabarani, na mara nyingi dereva wa lori hana hata habari kuwa limeruka. Kwa kokoto iliyodondoka kutoka kwenye shehena isiyofunikwa turubai, hoja ina nguvu zaidi, mradi umeipata namba ya gari hilo na ukatoa taarifa polisi mapema.

Bima kubwa ndiyo inayogusa gari lako mwenyewe, na ndani yake kioo cha mbele huweza kuingia kwa njia mbili tofauti. Tofauti ya njia hizo ndiyo kiini cha jambo hili lote.

Njia ya kwanza ni madai ya kawaida. Kioo huhesabiwa kama sehemu nyingine yoyote ya gari iliyoharibika: unajaza fomu, mtathmini anakagua, na wewe unabeba sehemu ya mwanzo ya hasara kama mkataba unavyosema. Sehemu hiyo, ambayo katika makala hii tutaiita mchango wa mwenye bima, huwekwa kwa asilimia ya dai, kwa kiwango maalumu cha fedha, au kwa vyote viwili ambapo hutumika kilicho kikubwa zaidi. Juu ya hayo, dai hilo huandikwa katika kumbukumbu zako na huweza kufuta punguzo la kutodai, yaani nafuu ya ada anayopewa mwenye gari aliyemaliza mwaka bila kudai fidia.

Njia ya pili ni kifungu maalumu cha kioo cha mbele. Mikataba mingi ya bima kubwa huwa nacho, ama kikiwa kimejumuishwa katika ada au kwa nyongeza ndogo. Kifungu hiki huweka kikomo cha fedha ambazo kampuni itatoa kwa ajili ya kioo, na mara nyingi hueleza kwamba dai lililo ndani ya kikomo hicho halitamgharimu mwenye bima mchango wake wala punguzo lake. Neno "mara nyingi" lisomwe kwa makini, kwa kuwa kila kampuni ina maneno yake. Mkataba mmoja husamehe mchango pale tu kioo kinapotengenezwa, huku kinapobadilishwa ukiudai. Mwingine huruhusu dai moja kwa mwaka. Mwingine husema kioo cha mbele peke yake, na wa nyuma unabaki mkononi mwako.

Hesabu itaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke zake. Tuchukulie gari lenye thamani ya shilingi milioni 20 lililokatiwa bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani hiyo. Ada ni shilingi 700,000, na ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inakuwa shilingi 826,000. Tuseme kampuni hutoa punguzo la asilimia 10 baada ya mwaka wa kwanza bila madai, na asilimia 20 baada ya mwaka wa pili, ambayo ndiyo mwisho. Mwenye gari aliyefika mwisho huo hulipa, kodi ikiwamo, shilingi 660,800.

Ufa umetokea na kioo kipya, pamoja na ufundi, ni shilingi 450,000. Mkataba hauna kifungu cha kioo na mchango wa mwenye bima ni shilingi 200,000. Akidai, kampuni inalipa shilingi 250,000. Mwaka unaofuata punguzo limefutwa, analipa shilingi 826,000, yaani ongezeko la shilingi 165,200. Mwaka wa pili amerudi kwenye asilimia 10 na analipa shilingi 743,400, ongezeko la shilingi 82,600. Mwaka wa tatu ndipo anarudi alipokuwa. Jumla ya nyongeza hizo ni shilingi 247,800. Kwa kudai shilingi 250,000 amefaidika shilingi 2,200, kabla hajahesabu nauli za kufuatilia fomu. Kwa gari ambalo thamani yake inashuka kila mwaka takwimu zitapungua kidogo, lakini sura ya jambo haibadiliki.

Mwenye gari kama huyo, mwenye mkataba ulio na kifungu cha kioo chenye kikomo cha shilingi 500,000 kisichogusa mchango wala punguzo, angepokea shilingi 450,000 zote na ada yake ingebaki ilivyo. Na kama angemwita fundi siku ileile ya kokoto, akaziba kidoa kwa, tuseme, shilingi 60,000, asingekuwa na sababu ya kufungua faili la madai kabisa. Katika mkataba usio na kifungu, gharama hiyo iko chini ya mchango wake, hivyo kampuni haina cha kumlipa. Hata hivyo, kutoa taarifa ya tukio huku ukisema wazi kuwa hudai fidia ni busara pale mkataba unapotaka kila tukio liarifiwe.

Wapo watakaouliza: ikiwa punguzo haliguswi, kwa nini bado nasikia ada za watu zimepanda baada ya dai la kioo? Jibu ni kwamba punguzo na ada ni vitu viwili. Kampuni inaweza kuliacha punguzo lako lilivyo, na bado, wakati wa kuhuisha mkataba, ikaitazama historia yako na kuona madai matatu ya kioo ndani ya miaka miwili. Hapo huweza kuongeza kiwango cha ada, kukuza mchango wako katika hasara, au kukiondoa kifungu cha kioo. Dai moja la kioo peke yake mara chache huonekana kama dalili ya dereva mbaya, kwa sababu kokoto haichagui. Madai yanayojirudia husomwa vingine: huenda gari hupita kila siku kwenye barabara inayojengwa, huenda dereva hukaribia mno magari ya mbele. Wenye kampuni za mabasi na malori hulijua hili vizuri zaidi, kwani ada ya kundi zima la magari yao hupangwa kwa kulinganisha fidia zilizotolewa na ada zilizokusanywa, na vioo kumi vya mabasi si jambo dogo katika mizani hiyo.

Inafaa pia kueleza kwa nini kampuni hung'ang'ania mchango wa mwenye bima, maana wananchi wengi huuona kama hila. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, sheria huzuia kampuni kumtoza mwenye bima kubwa mchango wowote kwa uharibifu wa kioo cha mbele. Nia ilikuwa njema: dereva asiahirishe matengenezo kwa kukosa fedha. Lakini zikatokea karakana zilizowaendea madereva kwenye maegesho na sehemu za kuoshea magari, zikawapa zawadi ili wakubali kubadilishiwa vioo, zikawasainisha hati za kuzikabidhi haki ya kudai, kisha zikazishtaki kampuni za bima kwa bei kubwa. Mwaka 2023 jimbo hilo lilitunga sheria ya kupiga marufuku ukabidhianaji huo na zawadi za kuwavuta madereva. Gharama ya mchezo huo haikubaki kwa kampuni. Kila anayelipa ada huichangia. Mchango mdogo wa mwenye bima humfanya ajiulize kama kioo kinahitaji kubadilishwa au kuzibwa tu, na mwandishi anauona kuwa wa haki ukiwekwa kwenye kubadilisha na ukisamehewa kwenye kutengeneza.

Suala la kikomo limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni kutokana na aina ya magari yanayoingia nchini. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, na miongoni mwa matoleo ya baada ya mwaka 2015 yapo mengi yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, zinazosaidia breki za dharura au kumwonya dereva anapotoka kwenye mstari. Kioo cha gari kama hilo huwa na nafasi maalumu ya kamera, na baada ya kubadilishwa, kamera hupaswa kupangwa upya kwa vifaa ili ione sawasawa. Gharama yake hailingani na ya gari la zamani. Ikiwa kioo pamoja na upangaji ni shilingi 1,400,000 na kikomo cha mkataba ni shilingi 500,000, mwenye gari atatafuta shilingi 900,000 mfukoni. Kikomo kilichonakiliwa kutoka hati ya gari lako la awali kinaweza kuwa hakina maana kwa gari ulilonalo leo. Kampuni nyingi huruhusu kukiongeza kwa nyongeza ya ada, na wakati wa kuomba hilo ni kabla ya kusaini.

Ikumbukwe pia kwamba kioo cha mbele ni sehemu ya usalama. Mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka katika magari mengi huegemea kioo hicho, na paa la gari lililopinduka hutegemea kwa sehemu uimara wa kioo na gundi inayokishika. Kwa sababu hiyo kioo kipya hakipaswi kuingia barabarani kabla gundi haijakauka kwa muda unaoelekezwa na mtengenezaji wake. Fundi anayekukabidhi ufunguo mara tu alipomaliza kukibandika, bila kukwambia usubiri kiasi gani, ameacha nusu ya kazi.

Kwa anayeamua kudai, mambo machache huokoa muda. Piga picha za kidoa siku ileile, moja ya karibu na nyingine inayoonyesha namba ya gari. Toa taarifa kwa kampuni, wakala au dalali wako kabla ya fundi kugusa kioo, kwani mikataba mingi huipa kampuni haki ya kukagua kwanza au kuchagua karakana. Uliza kama taarifa ya polisi inahitajika. Kwa kioo peke yake baadhi ya kampuni haziidai, lakini jibu hilo lipatikane kwa maandishi. Dai risiti ya EFD. Usiseme ufa wa mwezi uliopita umetokea jana: bima husimama juu ya ukweli wa pande zote mbili, na udanganyifu katika dai dogo huweza kuharibu mkataba mzima. Vivyo hivyo, anayekata bima kubwa akiwa tayari na ufa kwenye kioo ausema mapema, kwa kuwa bima hailipi hasara iliyotangulia mkataba.

Kabla ya hayo yote, hakikisha bima uliyonayo ni halali. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), inayosimamia sekta hii chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ina mfumo wa kielektroniki ambao mwananchi huutumia kuhakiki stika ya bima ya gari lake. Kifungu kizuri cha kioo ndani ya hati bandia hakina thamani ya karatasi kilichoandikwa.

Ikiwa kampuni imekataa dai lako la kioo, au imekufutia punguzo ambalo mkataba unasema haliguswi, anza kwa kuilalamikia kampuni yenyewe kwa barua, ukitaja kifungu unachokitegemea na kuambatisha nakala ya hati, picha na risiti. Majibu yasiporidhisha, sheria hiyo ya mwaka 2009 imeanzisha Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya kampuni za bima na kuyasuluhisha nje ya mahakama. Nenda na barua yako ya kwanza pamoja na majibu ya kampuni, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonyesha kuwa mgogoro upo.